Mpeni Mtoto Msomaji

Wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani hapa Kampala hupenda kusema kwamba wameukimbia mfumo wa shule. Sikubali. Katika somo la insha ya Kiswahili wamehama nao. Wamemtoa mtoto shuleni, kisha wakaileta shule sebuleni.

Nafundisha Kiswahili majumbani, watoto wa miaka 12 hadi 17. Nyumba nyingi ninazozijua zilianza mtindo huu wakati wa korona, shule zilipofungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Karibu kila mezani nakuta kitabu cha namna moja: insha za mfano kutoka Kenya, pamoja na orodha ya misemo ya kukariri. Mtoto anakariri, halafu anaandika kwa dakika 40 huku mama akitazama saa. Hizo ni dakika 40 za insha ya KCPE, mtihani ambao Kenya yenyewe iliufanya kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wenyewe wameshazika, sisi bado tumekaa matanga.

Tazameni matunda yake. Msichana wa miaka 13 aliandika kuhusu siku aliyokwenda soko la Owino. Aya nzima ya kwanza ilikuwa majogoo kuwika, jua kuchomoza, kupiga mswaki na kupata staftahi. Kwao hakuna jogoo. Wanaishi ghorofa ya tatu. Alipofika sokoni akapigwa na butwaa, akatimua mbio kama swara, machozi yakamtiririka njia mbili mbili. Nikamwuliza, "Ulinunua nini?" Akajibu, "Viatu, mwalimu." Katika kurasa mbili, viatu havimo.

Maneno anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwandikia.

Mwalimu wa darasa lenye watoto 80 simlaumu. Hawezi kusoma rasimu tatu za kila mmoja, kwa hiyo anatafuta cha kuhesabu haraka: methali, misemo, mwandiko safi. Lakini nyumbani kuna watoto wawili au watatu, na hakuna kengele. Hapo ndipo mtu angeweza kusoma, kuuliza, na kumrudishia mtoto karatasi aandike upya. Nafasi hiyo tunaitupa, tunaiga umaskini wa darasa lililojaa.

Kijana mmoja wa miaka 15 nilimpa kazi nyingine. Mtaani kwao kuna mama Mkongo anayeuza vitenge, na Kiswahili ndicho lugha yake ya biashara. Nikamwambia kijana amweleze kwa maandishi jinsi ya kupika matoke. Rasimu ya kwanza ilikuwa mistari minne: menya, funga, pika, kula. Mama akauliza: Funga kwa nini? Maji yanaingia wapi? Rasimu ya tatu ilieleza kwamba majani ya mgomba hulainishwa kwanza juu ya moto yasipasuke, vikonyo vyake hutandazwa chini ya sufuria, na maji hutiwa yasifikie furushi, ili ndizi ziive kwa mvuke. Haikuwa na msemo hata mmoja. Lakini mtu akiisoma anaweza kupika.

Wapo watakaoniambia kwamba misemo ni utajiri wa lugha. Ni kweli, na ndiyo maana inaniuma kuiona ikimwagwa kama chumvi juu ya chai. Methali hupata maana pale inapomfaa mtu fulani kwa jambo fulani. Ukiikariri katika orodha, huijui, umeibeba tu.

Wengine watauliza kuhusu mtihani. Basi waangalie karatasi ya insha ya KCSE. Insha ya kwanza ni ya lazima, na kwa kawaida huwa barua, hotuba, ripoti au kitu cha aina hiyo. Mtahiniwa anatakiwa amwandikie mtu kwa sababu fulani. Aliyezoea kuulizwa na msomaji hai hatapotea hapo.

Wengine watasema, "Mimi mzazi sijui Kiswahili." Hilo halizuii kitu. Kampala ina Wakenya, Wakongo, madereva wa malori, na watu wa Arua waliokua na Kiswahili. Kazi ya mzazi ni kumtafuta msomaji, si kusahihisha ngeli.

Naandika kwa ukali kwa sababu wakati ni huu. Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Waganda wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya askari na ya majambazi. Tukimpa mtoto sababu ya pili ya kukichukia, kwamba ni lugha ya kukariri uongo kuhusu majogoo, atakiacha siku ya mwisho ya mtihani.

Kwa hiyo, wazazi, wiki hii kiwekeni kitabu cha misemo kabatini. Mchagulieni mtoto mtu mmoja mwenye jina, anayesoma Kiswahili, ambaye kweli anahitaji kujua jambo analolijua mtoto. Aandike. Mtu huyo aulize. Aandike tena. Kalamu nyekundu haina haraka.