Nani atawalea watafiti wa afya wa Afrika Mashariki?

Mwezi Februari 2025, Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba msaada wa nchi yake kwa mataifa ya nje utapunguzwa kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Mjadala mjini London ulihusu zaidi fedha za ulinzi zitakazopatikana kutokana na hatua hiyo. Ni wachache waliojiuliza yatakayowafika watafiti chipukizi wa afya wa Afrika Mashariki.

Swali hilo si dogo. Tangu mwaka 2018 kitengo cha utafiti cha Entebbe, Uganda, kiko chini ya Chuo cha London cha Afya na Tiba ya Magonjwa ya Nchi za Joto, ambacho pia kinashirikiana na watafiti wa Mwanza, Tanzania. Nchini Kenya, kituo cha Kilifi kilichoanzishwa mwaka 1989 kinafadhiliwa na shirika la hisani la Wellcome, lenye makao yake London. Wellcome haitegemei hazina ya serikali, lakini haiwezi kuziba kila pengo.

Kumlea mtafiti si kumpatia shahada tu. Mlezi husoma rasimu yake, humkosoa bila kumvunja moyo, humfundisha kuomba fedha, na huhakikisha kwamba jina lake halimezwi na ya wakubwa makala inapochapishwa. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, ilhali ufadhili mwingi hudumu miaka michache tu.

Matunda yake yanaonekana. Profesa Faith Osier, Mkenya aliyekulia kitaaluma Kilifi, aliongoza shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kinga ya mwili kuanzia mwaka 2019 hadi 2022. Baadaye alijiunga na Imperial College London. Fahari hiyo ina upande wa pili: mti ulipandwa pwani ya Kenya, kivuli kikaenea hadi Ulaya.

Mwaka 2008, mjini Bamako, serikali zilihimizwa kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa ajili ya utafiti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Vyuo vikuu vyetu navyo vinaweza kuanza na jambo lisilohitaji mfadhili: kuuhesabu ulezi wa vijana kuwa kigezo cha kumpandisha cheo mhadhiri. La sivyo, maradhi yetu yataendelea kuchunguzwa kwa maswali yaliyotungwa kwingine.