Fremu na Pua Yako
Kijana wa mtaa wa Umoja au Kayole jijini Nairobi akinunua fremu ya miwani ya bei nafuu kwa simu hutazama rangi tu. Ikifika, inamteleza hadi ncha ya pua. Kumbe vipimo huwa vimeandikwa ndani ya mkono wa miwani yake ya zamani: 52-18-140, yaani upana wa lenzi, nafasi ya pua na urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Linganisha na tangazo kabla ya kutuma M-Pesa. Namba ya katikati ndiyo korofi. Mwenye pua pana achague fremu ya chuma yenye vishikizo vya puani, kwani fundi huvikunja kwa koleo. Plastiki ya kipande kimoja haikubali hivyo. Ukiagiza na lenzi, umbali kati ya mboni za macho usiukisie, mwombe anayekupima macho akuandikie. Muuzaji asiyetaja vipimo, mpite.