Kunde: Peke Yake au Pamoja na Mtama?

Mvua zinapokaribia katika Teso, mashariki mwa Uganda, mkulima mwenye ekari moja au mbili hukabiliwa na uamuzi ambao hakuna ofisi iwezayo kumwamulia. Je, apande kunde peke yake, ama azichanganye na mtama? Wako wanaodhani kwamba kuchanganya mazao ni ukulima wa kizamani, na kwamba shamba la zao moja ndilo pekee lenye maendeleo. Sisi hatukubaliani nao.

Kunde si zao la kudharauliwa. Majani yake huwa mboga wiki chache tu baada ya kupandwa, wakati ghala limebaki vumbi. Punje zake ni chakula cha kujenga mwili, tena ni fedha sokoni. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, na mabaki yake yakiachwa shambani huirutubisha ardhi. Zaidi ya hayo, mizizi hiyo huziamsha mbegu za kiduha, gugu linyonyalo mtama, zikaota na kufa kwa kukosa mmea wa kunyonya.

Natufanye hesabu. Tuseme ekari moja ya mchanganyiko imetoa mtama ambao peke yake ungehitaji robo tatu ya ekari, na kunde ambazo peke yake zingehitaji nusu ekari. Mkulima huyo amevuna mazao ya ekari moja na robo. Tena mvua ikikatika mapema, zao moja likishindwa, huenda jingine likamwokoa. Kwa mjane asiye na ardhi nyingine, hiyo si hesabu ya karatasini. Ni chakula cha watoto.

Hata hivyo, mchanganyiko si hirizi. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba vidukari na thiripsi, wale wadudu wadogo waharibuo maua, walipungua pale kunde zilipochanganywa na mtama, bali walikuwa wengi zilipochanganywa na choroko. Lakini viwavi watoboao maganda, pamoja na kunguni wanyonyao maganda hayo, walizidi katika kunde zilizokuwa pamoja na mtama. Ngao imzuiayo adui mmoja yaweza kumfungulia mlango adui mwingine. Mtama nao ukirefuka huzinyima kunde mwanga, na punje hupungua.

Kwa hiyo shamba la kunde peke yake lina mahali pake. Linamfaa mwenye plau na ng'ombe, mwenye bomba la kunyunyizia dawa, na mwenye soko la uhakika la punje. Huyo aweza kupalilia upesi na kupiga dawa kwa wakati: vitumba vinapotokea, maua yanapochanua na maganda yanapofunga, badala ya kumwaga dawa kila wiki kwa hofu. Lakini na akumbuke kwamba majani yaliyonyunyiziwa dawa si mboga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Nyumba inayotegemea majani hayo na itenge kipande kisichopigwa dawa.

Serikali ilipowapa maofisa wa jeshi, mwaka 2013, kazi ya kupeleka mbegu vijijini, ilionyesha kwamba chakula ni sehemu ya usalama wa taifa. Lakini mfuko wa mbegu usiofuatana na ushauri ni kama bunduki mikononi mwa asiyepata mafunzo.

Twawaomba mabwana shamba waanze kwa kuuliza kabla ya kuamuru. Ardhi ni kiasi gani? Mikono ya kupalilia ni mingapi? Nyumba yataka majani, au yataka punje za kuuza? Ni mdudu gani aliyeharibu mavuno ya msimu uliopita? Mkulima anayechanganya na apande kwa mistari, asitupe mbegu ovyo, na kila siku chache ayakague maua na maganda.

Hapana haja ya kumwaibisha mkulima mdogo kwa sababu shamba lake halifanani na la tajiri. Mizani ya kilimo chema ni chakula kilichomo ghalani siku ya njaa, wala si unyoofu wa shamba machoni pa mgeni apitaye barabarani.