Drili ya Bei Nafuu: Tuinunue au Tuiache?



Siku hizi katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hapa Chato, mama akiomba mkopo si lazima uwe wa mtaji wa dagaa au vitenge. Wengine huomba kwa ajili ya karakana ya baba watoto. Hivi karibuni mama mmoja, ambaye mumewe ni fundi wa makabati, aliniuliza: "Dada, mume wangu ameona drili ya betri yenye kichwa kilichopinda. Bei yake ni nafuu. Mkopo utakuwa kwa jina langu. Je, nikubali?"

Swali hili ni la wengi. Fedha hiyo ndiyo ya ada na ndiyo ya unga, na chombo kikiharibika, rejesho la mkopo halingoji. Jibu langu ni fupi: kabla ya kuangalia bei ya drili, hesabu kwanza kazi zake.

Drili hii ni ya nini?

Wengi wetu tumeizoea drili ya kawaida, yenye umbo la bastola. Hii nyingine kichwa chake kimepinda kama kiwiko cha mkono, ili fundi aweze kutoboa au kukaza skrubu mahali ambapo drili ya kawaida haiingii: ndani ya kabati lililokwisha kufungwa, kati ya mbao za kenchi, au nyuma ya sinki. Msiichanganye na grenda, ile mashine ya kukata na kusaga chuma. Hizo ni mashine mbili tofauti, ingawa dukani huwekwa rafu moja.

Kwa hiyo drili ya kona ni chombo cha pili. Fundi ambaye hana drili ya kawaida aanze na ile ya kawaida. Haifai kutegemewa kutoboa zege wala mashimo makubwa katika mti mgumu. Tena kuna kichwa cha kona kinachouzwa peke yake, kinachofungwa kwenye drili ya kawaida. Nguvu yake ina mipaka, lakini kwa skrubu za bawaba kinaweza kutosha.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme drili pamoja na chaja ni shilingi 150,000, na baada ya muda betri itahitaji kubadilishwa kwa shilingi 60,000. Jumla ni 210,000. Ikidumu miaka miwili, yaani miezi 24, kila mwezi itakuwa imekula shilingi 8,750. Sasa tuseme fundi mwenzake huikodisha kwa shilingi 5,000 kwa siku. Kama kazi za kona hupatikana siku moja tu kwa mwezi, kukodi ni nafuu. Zikifika siku mbili, kununua kunaanza kulipa. Zikifika nne, angelipa 20,000 kwa kukodi, na hapo mkopo una maana.

Weka bei za dukani kwenu mahali pa hizi zangu. Halafu mwombe baba watoto, kwa upole, mkumbuke pamoja kazi za miezi mitatu iliyopita. Usimwulize kana kwamba unamshitaki. Mwambie, "Baba, tuhesabu wote, maana mkopo ni wetu sote." Fundi mwenye kazi hataona ugumu kuzitaja.

Betri ndiyo moyo wa mashine

Katika drili za bei nafuu, mara nyingi betri ndiyo hufa mapema. Hapo ndipo tujifunze kusoma maandishi.

Betri ya volti 18 ina seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja ya volti 3.6. Ikiwa imetoka kwenye chaja, kila seli huwa na volti 4 hivi, ndiyo maana wengine huandika 20. Betri ni ile ile, basi usilipe zaidi kwa sababu ya namba hiyo. Ukikuta maandishi makubwa kama 48VF au 88VF kwenye drili ndogo, usiyachukue kuwa ni volti. Tafuta namba kwenye kibandiko cha betri yenyewe.

Herufi Ah zinaonyesha betri inabeba umeme kiasi gani. Betri ya volti 18 yenye 1.5Ah inabeba wati-saa 27, na yenye 4.0Ah inabeba 72. Kuna njia rahisi ya kuwashika waongo: mizani. Seli moja ya aina inayotumika sana ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo seli tano peke yake ni gramu 225, bado ganda la plastiki. Betri inayodai volti 18 ikiwa nyepesi kuliko hapo, ina jambo inaloficha.

Kuhusu LUKU msiwe na hofu. Kujaza betri ya wati-saa 36 hakufikii hata sehemu moja ya kumi ya uniti.

Uliza pia: betri hii inauzwa peke yake? Wapi? Inaingia katika mashine nyingine ambazo mzee anazo? Kama haipatikani Chato, Geita wala Mwanza, basi siku betri itakapokufa, drili nzima imekufa. Ni kweli Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, lakini nauli ya kwenda Mwanza bado ni gharama.

Ijaribuni kabla ya kulipa

Fundi aende na kipande cha mbao ngumu na kutoboa mashimo kumi mfululizo. Biti isicheze, kichwa kisichemke, na pasiwe na harufu ya kuungua. Swichi ikibonyezwa kidogo izunguke polepole, na mashine iweze kurudi nyuma kufungua skrubu. Kisha apime kichwa pamoja na biti yake. Kama vyote ni sentimeta 20 na nafasi kabatini ni 15, ama anunue biti fupi, ama aiache dukani. Akiwa na shaka, akaulize walimu wa chuo cha VETA hapa Chato. Na risiti ya EFD msiiache, maana bila hiyo dhamana ni maneno matupu.

Sisemi kwamba kila cha bei nafuu ni kibaya. Huko Uganda, katika Hospitali ya Mulago, madaktari wa mifupa walishirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada kuifunika drili ya kawaida ya betri kwa kifuniko kilichotakaswa vijidudu, ili itumike katika upasuaji badala ya mashine za gharama kubwa. Kilichowafaa ni kuijua kazi na kukinga hatari.

Neno la muuguzi

Drili ya kona biti ikikwama, mashine hugeuka ghafla na kupinda kifundo cha mkono. Ishikwe kwa mikono miwili. Mikono ya shati iliyolegea, kanga na glovu za kitambaa zikae mbali na biti inayozunguka. Betri isiwekwe mfuko mmoja na misumari au sarafu, kwani inaweza kushika moto, na watoto wasiichezee.

Miwani ya kukinga macho inunuliwe siku ile ile. Chembe ya chuma au mbao ikichoma jicho, usilisugue, usiivute, wala usitie maziwa ya mama au dawa yoyote ya kubahatisha. Lifunike kwa kikombe safi bila kulikandamiza, mgonjwa afike hospitali mara moja. Kama fedha haitoshi drili na miwani, basi fedha ya drili bado haijatosha.

Kwa hiyo, mama, usikatae kwa hofu wala usikubali kwa aibu. Kazi za kona zikifika siku mbili au zaidi kwa mwezi, betri ikipatikana, na mashimo kumi yakatoboka vizuri, weka jina lako kwenye mkopo kwa amani. Moja likikosekana, kodini kwanza.

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki kazi za mikono yenu.