Mnavu kwa Maji ya Kuoshea Mchele

Ukiteremka kutoka vilima vya Ngong hadi Ewuaso Kedong, huko Kajiado, utakuta samadi ya mbuzi ya kujaza malori, ilhali mama mwenye boma anakwenda kununua sukuma wiki sokoni. Si uvivu. Maji yakiletwa na punda kuna ndama, kuna chai, kuna nguo za shule. Mboga huja mwisho.

Kwa hiyo leo sikuambii ulime robo eka. Tafuta gunia moja tu, uliweke karibu na jikoni mahali ambapo mbuzi hafiki. (Mbuzi atafika. Zungushia miiba.) Simamisha katikati mkebe usio na kitako, uujaze kokoto, kisha pembeni utie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Uvute mkebe juu, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Maji utayamwaga kwenye kokoto, nayo yatashuka hadi mizizini badala ya kukaushwa na jua. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatie kamwe.

Humo panda mnavu, au managu kama wengi wanavyouita. Wazungu wana chikori yao, nayo chungu. Sisi uchungu wetu tunao. Mbegu ni ndogo mno, basi zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia kitaluni. Miche ikifikisha majani matano au sita, ihamishe jioni. Baada ya wiki nne hivi kata ncha ya juu. Usiung'oe! Mmea uliokatwa ncha huchipuka pembeni, ukawa unachuma kila wiki. Maua yaondoe, ila kwenye shina moja la mbegu.

Mnavu uliokosa maji huzidi uchungu, na hapo ndipo watoto husukuma sahani. Afadhali kikombe kila jioni kuliko ndoo nzima Jumamosi. Ukipika, chemsha, mwaga maji hayo, kisha unga kwa maziwa. Tunda la kijani lisiingie sufuriani kwani lina sumu. Waonye na watoto.

Matunda ya lile shina yakiiva yaponde, uoshe mbegu na kuzianika kivulini. Za gunia la pili hutanunua.