Diski Moja, Kompyuta Ishirini

Chukulia mwalimu wa sekondari huko Kiseke, Mwanza, aliyekabidhiwa kompyuta ishirini zilizokwisha kutumika, kila moja na diski ya gigabaiti 250. Ameitengeneza moja ipasavyo. Zimebaki kumi na tisa. Desturi ni kumwita fundi kutoka mjini, naye hulipwa akaondoka na maarifa yake. Desturi hiyo haifai kuendelezwa, kwa kuwa kazi yenyewe ni mstari mmoja wa maandishi:

dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Amri dd imo katika mifumo ya Unix tangu miaka ya 1970, na leo imo katika Linux, ambayo hupatikana bila malipo. Kompyuta huwashwa kwa Linux iliyo kwenye flashi, ili diski inayonakiliwa isiwe inatumika. Neno if hutaja kinachosomwa, of, kinachoandikwa, bs, ukubwa wa fungu linalochukuliwa kwa mkupuo. Pasipo bs, dd huchukua baiti 512 tu, mithili ya mtu ajazaye pipa kwa kijiko. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde kazi huchukua dakika 42 hivi; wanafunzi na wakokotoe wenyewe.

Wako wasemao kwamba amri hii ni hatari mno kwa mwanafunzi. Ni kweli kwamba dd haiulizi swali. Ukibadilishana i na o, diski tupu itaandikwa juu ya ile yenye alama za mitihani; wenye mzaha huiita mharibifu wa diski. Lakini maabara za kemia hazikufungwa kwa sababu ya asidi. Mwanafunzi aanze na lsblk, alinganishe ukubwa wa diski, aandike majina yake karatasini, mwenzake ayahakikishe, ndipo abonyeze. Programu ya vitufe na picha huificha hatari hiyo, wala haiiondoi.

Faida kubwa zaidi ya somo hili imo katika kubadili ukubwa wa sehemu za diski. Diski mpya ikiwa ya gigabaiti 500, nusu yake itakaa bure, maana dd hunakili na mipaka ya zamani. Katika kupanua, mpaka husogezwa kwanza kwa parted, kisha mfumo wa mafaili hunyoshwa kwa resize2fs. Katika kupunguza, utaratibu hugeuka: mfumo wa mafaili kwanza, mpaka baadaye. Atanguliaye kusogeza mpaka huyakata mafaili yaliyo upande wa pili. Aliyeelewa sababu hiyo hahitaji kukariri.

Umeme nao hukatika. Ukikatika wakati wa kunakili, diski ya asili hubaki salama, kwani ilikuwa ikisomwa tu. Kazi huanzwa upya. Ukikatika wakati wa kupunguza, mafaili yote yaweza kupotea. Kwa hiyo nakala hutangulia, na upunguzaji hufuata.