Usizime Taa kwa Koleo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayepanda taksi Bweremana kwenda Sake au Goma, umeona mara ngapi taa ile ya manjano yenye picha ya injini ikiwaka mbele ya shofere? Ukiuliza, utaambiwa imewaka tangu zamani na motokari inatembea tu. Katika motokari nyingine taa haionekani kabisa, hata wakati wa kufungua kontakti, nawe unafikiri injini ni nzima. Kumbe fundi ametoa balbu yake, au amekata waya kwa koleo. Ninasema wazi: fundi huyo hakutengeneza kitu. Amemziba mlinzi mdomo, na akalipwa kwa kazi hiyo.

Motokari kubwa za mazutu za kazini tuziache leo. Nasema juu ya motokari ndogo za esanse, zile zilizotumika kwanza Japani kabla ya kufika kwetu. Ndani ya bomba la moshi mna kijiti cha chuma kinachoitwa kipima oksijeni. Si kitu kipya: Bosch ya Ujerumani ilianza kukitengeneza mwaka 1976, na Volvo ikawa ya kwanza kukifunga katika motokari zake. Kinapima oksijeni iliyobaki katika moshi na kupeleka habari kwa kompyuta ya motokari, nayo inaongeza au kupunguza esanse, ili kila kilo ya esanse ichomwe na kilo 14.7 hivi za hewa. Lakini kikiwa baridi hakijui kitu. Kinataka moto wa digri 300 na zaidi, na ndiyo sababu kimewekewa kipasha moto cha umeme ndani yake. Basi hesabu nyaya zake: mara nyingi ni nne, mbili za moto na mbili za habari.

Taa ikiwaka, fundi anachomeka mashine ya kusoma makosa, anaona P0135, na papo hapo anasema: "Nunua kipimo kingine." Hapo ndipo nisipokubaliana naye. P0135 maana yake ni kasoro katika njia ya umeme wa kipasha moto. Njia hiyo ina fizibo, waya, kiungo cha plastiki, na mwisho kabisa kipimo chenyewe. Kwa nini kuanza na kitu cha bei kali? Katika barabara zetu za mawe na matope, waya unaoning'inia chini ya motokari hupata taabu mbele ya kitu kingine chochote.

Fanya hivi. Acha bomba lipoe. Tazama fizibo kwanza. Halafu fuata waya kwa macho na kwa mkono toka kwenye kipimo hadi kwenye injini: je, umegusa bomba ukayeyuka? Kiungo kimeingia maji kikaota kutu ya kijani? Ukilala chini ya motokari, chagua mahali pa juu penye upepo, hasa upande wa Sake na Goma, kwa maana mazuku hukaa katika mabonde na mashimo, na shimo la garaji ni shimo kama mengine.

Kama macho hayakuona kitu, chukua kipima umeme. Chomoa kiungo, fungua kontakti, upime upande unaotoka kwenye motokari: waya wa moto uonyeshe volti 12 hivi. Motokari nyingine hutoa umeme huo injini ikiwaka tu. Umeme usipofika, kipimo hakina kosa. Kosa liko nyuma yake. Umeme ukifika, pima nyaya mbili za kipasha moto ndani ya kipimo chenyewe, ambazo mara nyingi ni za rangi moja. Omu chache, mpaka 20 hivi, ni dalili nzuri. Kama njia imekatika kabisa, basi hapo nunua, na pesa yako haikupotea.

Waya wa habari hupimwa injini ikiwa na moto, kiungo kikiwa kimerudishwa mahali pake. Katika kipimo cha aina ya zamani volti hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya 0.1 na 0.9. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina aina nyingine mbele, isiyofuata hesabu hii. Fundi asiihukumu kwa namba hizo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike katika ukurasa huu wa afya. Volti zikikaa chini daima, kipimo kinasema oksijeni ni nyingi mno. Inawezekana kinasema kweli: bomba limepasuka mbele yake na linavuta hewa ya nje. Kompyuta haijui, inaongeza esanse, na injini inatoa moshi wenye sumu zaidi, ambao nao unatoka katika ufa uleule, chini ya miguu ya abiria. Mvua inanyesha, vioo vimefungwa, watu ni saba, mtoto amelala mapajani mwa mama yake.

Sumu hiyo ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Huku kwetu tunasema haraka: ni malaria. Lakini malaria haipandi taksi pamoja na watu wote kwa saa moja. Kama wengi wenu mnaumwa kichwa ndani ya motokari na mnapata nafuu mkishuka, mwambieni shofere asimame, azime injini, nanyi mtoke wote mkae kwenye upepo. Aliyezidiwa au asiyeamka apelekwe hospitali upesi, kwa motokari nyingine, na mwambieni mganga kwamba alikuwa amevuta moshi wa injini, ili ampe oksijeni kabla ya kutafuta malaria katika damu yake.